SOMO: Kijana Anapoitwa Kuhojiwa kwa Nafasi ya Kujifunza Kazi Kiwandani



Kila mwaka vyuo vya ufundi vinapofunga na viwanda vinapopokea vijana wa mafunzo, ofisi zetu za matawi hujaa wazazi. Mkata miwa anaingia na barua mkononi: mwanawe ameitwa kuhojiwa kiwandani, siku fulani, saa mbili asubuhi, afike yeye mwenyewe. Mzazi anauliza, "Katibu, huyu mtoto tumwambie nini?" Swali hilo tumelijibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa tumeona heri tuliandike liwe somo. Anayejua kusoma na amsomee mwenzake kambini.

Tunaandika kutoka Uganda, upande wa Jinja na mashamba ya miwa ya Busoga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu wazee walipotoka West Nile, Rwanda na Kenya kuja kufanya kazi ya miwa. Sheria tutakazozitaja ni za Uganda. Wenzetu wa nchi nyingine watachukua yanayowafaa, maana mashine ni zile zile na mameneja hawaachani sana.

Kwanza ieleweke kwa nini chama cha wafanyakazi kinajiingiza katika jambo hili. Wako vijana wanaorudi nyumbani wamekataliwa, na wako wanaorudi wamekubaliwa. Sisi tumepata shida zaidi na hawa wa pili. Katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, vijana watano walihojiwa wakaambiwa wamepata nafasi ya kujifunza ufundi wa mashine. Wakafurahi, wazazi wakachinja kuku. Wakakaa miezi minane wakisukuma makapi ya miwa na kufagia chini ya konveya. Fundi wa kuwafundisha hawakumwona, posho hawakupata, na mmoja wao alipobanwa kidole aliambiwa kwamba yeye si mfanyakazi, ni mwanafunzi tu, aende kwao akatibiwe. Tulipowauliza kama siku ya kuhojiwa waliuliza watafundishwa na nani, wakatutazama kwa mshangao. Walisema, "Sisi ndio tulikuwa tunaulizwa."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kijana wa mfanyakazi huingia ofisini kwa meneja kama mtu aliyeshtakiwa. Anajibu "ndiyo bwana" na "hapana bwana", anashukuru, anatoka. Lakini usaili, au intavyu kama wengi wanavyouita, si kesi. Ni mapatano yanayoanza. Kiwanda kinataka kijana mwenye akili na mikono mizuri, kijana anataka ujuzi. Basi kila upande una haki ya kumpima mwenzake. Anayejiandaa vema hujiandaa kwa mambo mawili: kujibu na kuuliza.

Yafaa kijana ajue anakwenda kama nani, kwa sababu maneno haya huchanganywa, na wanaofaidika na mchanganyiko huo si sisi. Yuko mwanafunzi wa chuo anayetumwa na chuo chake kwa miezi michache apate mazoezi ya vitendo. Yuko mwanagenzi, ambaye anafanya mkataba na kiwanda chenyewe afundishwe kazi mpaka awe fundi. Na yuko kibarua, ambaye hafundishwi kitu ila anaitwa "mwanafunzi" ili asilipwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja mtu aliyeingia mkataba wa kazi au mkataba wa uanagenzi. Maana yake mwanagenzi mwenye mkataba ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo, na akiambiwa "wewe si mtu wetu" anayo njia ya kujibu. Kwa hiyo kabla hata ya kupiga pasi shati, mzazi aisome barua ya wito na aone imetumia neno gani. Ikiwa haieleweki, ndilo swali la kwanza la kuuliza siku hiyo.

Sasa tuje kwenye maandalizi. Watu hudhani kujiandaa ni kukariri majibu ya Kiingereza. Kiingereza kinasaidia, hatukatai, lakini meneja wa karakana amekwisha sikia "I am hardworking" mara elfu moja na haimwambii kitu. Anachotafuta ni dalili kwamba kijana anakijua kiwanda kinafanya nini. Na hapa mtoto wa kambini ana mali ambayo mtoto wa mjini hana, ila hajui kwamba ni mali. Baba yake anakata miwa, shangazi yake anafanya kazi mizani, jirani yao ni mtu wa boila. Aende kwao jioni, akae nao, awaulize. Jioni tatu zinatosha.

Kwa baba atajifunza kwamba muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari yake, na ule uliochomwa moto unaharibika haraka zaidi. Ndiyo maana wanyapara hupiga kelele matrekta yakichelewa, na ndiyo maana kiwanda hutaka muwa uingie ndani ya siku moja au mbili. Mkata miwa anaijua habari hii kuliko karani yeyote. Tulipata kumwona binti mmoja wa mkata miwa akiulizwa, "Unafikiri kazi ya kiwanda inaanzia wapi?" Wengine waliomtangulia walisema inaanzia kwenye kinu. Yeye akasema inaanzia shambani saa panga linapogusa muwa, akaeleza sababu. Meneja akaweka kalamu chini.

Kwa shangazi wa mizani atajifunza kwamba lori hupimwa likiwa na mzigo, likapimwa tena likiwa tupu, na tofauti ndiyo uzito wa miwa. Kutoka hapo muwa unakatwakatwa na visu na kupondwa, unapita katika vinu vyenye magurudumu mazito ya chuma vinavyoukamua. Maji yake yanapashwa moto na kutiwa chokaa ili uchafu ujitenge na kutuama. Kisha yanachemshwa mpaka yawe mazito, yanaingia katika masufuria makubwa ambamo hewa imepunguzwa ili yachemke kwa moto mdogo bila kuungua, na humo ndimo chembe za sukari huota. Mwisho mashine za kuzunguka kwa kasi hutenga sukari na molasi, na sukari hukaushwa ikatiwa magunia.

Na kwa jirani wa boila atajifunza jambo ambalo wengi hawalijui: kiwanda cha sukari hujipikia moto wake chenyewe. Makapi yanayotoka kwenye vinu ndiyo kuni za boila. Boila inatoa mvuke, mvuke unazungusha tabaini za umeme, na mvuke ule ule ukishafanya kazi hiyo unakwenda kuchemsha maji ya miwa. Kiwanda cha Kakira, kwa mfano, hupata umeme wa kutosha kujiendesha na mwingine kikauuza kwenye gridi ya taifa. Kijana anayetaka ufundi wa umeme akiyajua haya, ana la kusema kuhusu sababu ya kuchagua kiwanda cha sukari badala ya duka la redio.

Wenzetu wa chai huko Bushenyi na Kabarole wana yao. Mchumaji anajua majani mawili na kichipukizi chake. Anajua pia kwamba majani yakishindiliwa sana katika gunia yanapata joto na kugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani, na kiwanda hakiwezi kuyaponya tena. Kijana wa chai aanzie hapo, kisha aulize hatua za kunyausha, kusaga, kuchachusha, kukausha na kuchambua.

Makaratasi tusikae nayo sana. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na chuo, barua ya chuo kama ametumwa na chuo, na barua ya mwenyekiti wa LC I wa mahali anapokaa. Kijana aliyejifunza kwa fundi wa barabarani bila kupita chuoni asijione hana kitu: Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikiwapima mafundi wa namna hiyo kwa vitendo na kuwapa kijitabu kiitwacho PAS, na mwenye nacho akichukue. Aende na vyeti vyenyewe vya kuonyesha na fotokopi za kuacha. Vyeti vyenyewe asiviache ofisini hata akiombwa kwa upole. Tumetafuta vyeti vya watu miaka mingi baadaye katika makabati ya kampuni zilizokwisha fungwa.

Baada ya hapo yaje mazoezi. Katika tawi letu tunafanya hivi: jioni mbili kabla ya siku yenyewe, tunaweka meza na viti vitatu, katibu anakaa kama meneja, fundi mzee mmoja anakaa kando yake, na kijana anapigwa maswali mbele ya wenzake. Wanacheka sana, lakini heri wacheke huko. Fundi mzee ndiye mtu wa maana kuliko katibu, kwa sababu maswali mengi yanayowaangusha vijana ni ya karakana. Haya hapa ni baadhi tunayowauliza.

"Kijana, nipe spana ya bolti ya M10." Kijana ambaye hajawahi kushika bolti atatafuta spana yenye namba 10. Aliyeishika anajua kwamba 10 ni unene wa mwili wa bolti kwa milimita, na namba ya spana ni upana wa kichwa chake; bolti ya M10 mara nyingi hukubali spana ya 17, nyingine mpya ya 16, na M8 hukubali ya 13. Au anapewa futi ya chuma na kuambiwa apime kipande kwa inchi, kisha aseme ni milimita ngapi. Inchi moja ni milimita 25.4. Hili si la kukariri usiku. Aazime futi na apime meza, mlango na jembe mpaka macho yazoee.

Swali tunalolipenda kuliko yote ni hili: "Umefika kazini, mkanda wa konveya umekwama, kuna muwa umejibana pembeni. Utafanya nini?" Vijana tisa kati ya kumi, kwa kutaka kuonyesha bidii, husema watauchomoa. Tunawaambia: hapo umekwisha poteza nafasi, na siku nyingine utapoteza mkono. Jibu la mtu wa kiwanda ni kwamba mashine inasimamishwa, umeme wake unazimwa kwenye swichi kuu, swichi inafungwa kwa kufuli na kutundikwa kibao, ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayeingia kufanya kazi, kisha inajaribiwa kuwashwa ili kuhakikisha haiwaki. Na mwanafunzi hafanyi hayo peke yake, anamwita fundi. Kijana akijibu hivi, hata kwa maneno ya kukatakata, fundi aliye mezani atamwangalia upya.

Kuna mengine ya aina hiyo. Moto ukiwaka kwenye boksi la umeme haumwagiwi maji. Unakata umeme na kutumia kizima moto cha gesi ya kaboni dioksidi au cha unga. Maji yakitoweka katika kioo cha boila, usikimbilie kufungulia maji baridi, maana chuma kilichopata moto kupita kiasi kikikutana na maji ghafla boila inaweza kupasuka; moto unaondolewa na mtu wa boila anaitwa mara moja. Na kijana akiulizwa jambo asilolijua, aseme, "Hilo sijalifundishwa bado, lakini ningependa kulijua." Mafundi wazee wanamchukia sana mtu anayebahatisha.

Kuhusu lugha, baadhi ya mameneja huanza kwa Kiingereza. Kijana ajibu kwa Kiingereza chake, kifupi na cha kweli, na kikimwishia aseme kwa adabu, "Bwana, naomba hili nilieleze kwa Kiswahili ili nisikosee." Kati ya watu watatu walio mezani karibu daima yupo anayeelewa, na mara nyingi ndiye fundi. Ni bora kuliko kunyamaza.

Mavazi. Wazazi hukopa suti. Suti haina haja, na mara nyingine inaleta matata, kwa sababu usaili wa kiwandani hauishii ofisini; kijana anaweza kuambiwa, "Twende ukaone karakana." Aliyevaa ndala au viatu vya wazi ataachwa getini kwa karakana akitazama wenzake wakiingia. Viatu vilivyofunika vidole, hata kama ni vya kuazima. Shati safi lisilopepea, mikono iliyofungwa vifungo au kukunjwa vizuri. Mabinti wafunge nywele, waache mikufu na hereni ndefu nyumbani, na kitenge cha kuning'inia kisivaliwe siku hiyo. Meneja akiona mtu amejua kuvaa kwa ajili ya mashine, ameshaona jambo kubwa bila kuuliza. Ale kabla ya kwenda. Joto la sehemu ya boila limewaangusha vijana wenye njaa. Simu izimwe. Na siku moja kabla aende mpaka getini ajue njia, asalimiane na askari, aulize ni mlango gani. Askari wa geti husikia mambo mengi, na wengine ni wanachama wetu.

Tumefika mahali penye uzito wa somo hili: maswali ya kijana mwenyewe. Mwisho wa mahojiano meneja huuliza, "Je, una swali?" Wengi hujibu, "Sina, bwana, asante." Sisi tunasema hapo ndipo kazi inaanza.

La kwanza ni la fundi: "Nikipata nafasi, nitakuwa chini ya fundi gani, na nitapita sehemu zipi?" Kiwanda chenye nia ya kufundisha kitajibu mara moja: wiki kadhaa kwenye vinu, wiki kadhaa karakana, fundi ni fulani, daftari lako la mafunzo litasainiwa na fulani. Kiwanda kinachotafuta vibarua wa bure kitajibu, "Utapangiwa." Sikiliza jibu hilo vizuri.

La pili ni la usalama. Ni nani anayetoa viatu vya kazi, glavu, miwani na kofia ngumu? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga panapohitajika. Halafu: nikiumia nikiwa kwenye mafunzo, nani anagharimia hospitali? Kuna wazazi wanaotuambia swali hili ni la mkosi, eti kijana anajitabiria kuumia. Tunawaheshimu wazazi hao, lakini kidole cha yule kijana tuliyemtaja hapo juu hakikubanwa na swali.

La tatu ni la posho, na hapa hata sisi wenyewe katika mikutano ya tawi hatukubaliani. Wako wazee wanaosema kijana asitaje pesa, atafukuzwa kwa tamaa. Wengi wetu tunaona lazima aulize, ila asianze nalo. Sababu ni hii. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kima cha chini ambao Bunge liliupitisha mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Basi hakuna ngazi ya maana ya kisheria ya kumshika kijana asianguke; kilichosemwa na kuandikwa siku ya kuanza ndicho atakachokuwa nacho. Namna ya kuuliza tunaifundisha hivi: "Bwana, natoka mbali kidogo. Ningependa kujua utaratibu wenu wa posho, chakula na usafiri kwa vijana wa mafunzo." Neno "utaratibu" linasaidia. Hujasema nilipeni kiasi gani. Umeuliza wao hufanyaje. Ikiwa hakuna posho kabisa, ijulikane leo, ili familia ipige hesabu kama itaweza kumlisha kijana kwa miezi hiyo.

Kisha aulize saa za kazi na kama kuna shifti ya usiku, na mwisho wa mafunzo atapewa karatasi gani. Asiulize yote kwa mfululizo kama ofisa wa polisi. Matatu au manne, kwa sauti ya kawaida, na majibu ayaandike katika daftari mbele yao. Kuandika kuna nguvu yake. Tumeona meneja akijirekebisha, "Hapana, usiandike hivyo, posho ni wiki mbili mbili."

Akitaka kujua kama anauliza mambo ya kupita kiasi, ajue kwamba mwezi Juni 2023, huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Humo mna mkataba wa maandishi, malipo ya kufaa, saa za kazi zenye mpaka, na fidia kwa anayeumia kazini. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria ya nchi, lakini katika mkutano ule serikali, waajiri na wafanyakazi walikaa pamoja. Maswali haya si uchokozi wa chama chetu.

Kuna maswali mengine ambayo kijana anaweza kuulizwa na hayamhusu meneja. Kabila lako nani, dini gani, una virusi vya Ukimwi? Sheria ile ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa asili, dini, jinsia, ulemavu na hali ya mtu kuhusu virusi vya Ukimwi. Kijana hana haja ya kugombana. Aseme, "Naomba tuzungumze kuhusu kazi," na akifika nyumbani atuambie. Swali jingine ni hili: "Baba yako ni mtu wa chama?" Asikane. Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Jibu ni fupi: "Ndiyo, ni mwanachama. Mimi nimekuja kujifunza kazi."

Sasa jambo la aibu ambalo hatuwezi kuliruka. Wako watu wanaosimama kati ya kijana na nafasi yake wakidai kitu. Wengine wanadai pesa: pesa ya fomu, pesa ya sare, pesa ya "mkubwa", zitumwe kwa simu kabla ya siku ya usaili. Mtu anayedai pesa kwa simu ya mkononi bila risiti ya kampuni aghalabu hana nafasi yoyote ya kutoa. Mzazi asiuze mbuzi. Kwanza aje tawini, twende pamoja ofisi ya wafanyakazi tukaulize kama ada hiyo ipo.

Na wengine wanadai mwili wa binti. Anaambiwa usaili ni jioni, au ni nyumba ya wageni, au "tukutane kwanza tujuane". Mabinti wetu wajue: usaili wa kiwanda hufanyika kiwandani, mchana, na barua yake ina jina la kampuni. Sheria ya 2006 inakataza mwajiri au mwakilishi wake kudai mambo hayo kwa ahadi ya kazi au kwa vitisho. Na Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2023, unawataja waziwazi wanaoomba kazi, walio katika mafunzo na wanagenzi kati ya watu wanaolindwa. Kwa hiyo binti ambaye bado hajaajiriwa naye amo. Sisi tunashauri kila binti asindikizwe mpaka getini na mtu mzima, mama, kaka au mwakilishi wa tawi, na huyo asubiri hapo mpaka atoke. Asindikizwe hata kama kiwanda kina sifa nzuri. Likitokea jambo, lisifichwe kwa kuogopa jina la familia. Aandike siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, na tuna akina mama katika kamati wa kumsikiliza kabla ya mwanamume yeyote.

Jioni ya siku ya usaili, kabla ya usingizi, kijana akae na mzazi aeleze yote: aliulizwa nini, alijibu nini, aliambiwa nini kuhusu fundi, posho na hospitali. Kumbukumbu ya usiku ule ni safi; ya wiki ya pili imekwisha ingiliwa na maneno ya watu. Akikataliwa, aulize kwa adabu ni sehemu gani alipungukiwa. Baadhi ya viwanda hujibu, na tumepata vijana waliorudi mwaka uliofuata wakachukuliwa.

Akikubaliwa, ataletewa karatasi ya kusaini. Asiisaini akiwa amesimama kaunta na karani anamharakisha. Aombe kwenda nayo nyumbani usiku mmoja. Katika karatasi hiyo tunatafuta tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la kazi anayofundishwa, posho, saa, na nani anawajibika akiumia. Likiwamo sharti kwamba kijana "hatadai lolote kwa ajali yoyote", asilitie mkono. Lije tawini, na sisi tutakwenda nalo kwa meneja, na ikibidi kwa ofisa kazi wa wilaya. Lililosemwa kwa mdomo na halimo katika karatasi, tunaomba liongezwe kwa kalamu na pande zote mbili ziweke saini pembeni. Nakala moja ibaki kwa kijana.

Tawi letu limefungua kitabu kwa ajili ya kazi hii. Mnaandikwa humo jina la kijana, kiwanda, sehemu aliyopangiwa, fundi wake, na maswali aliyoulizwa siku ya usaili kama anavyoyakumbuka. Kitabu kinakaa kwa katibu, na kinafunguliwa Jumamosi kuanzia saa nane mchana kwa kijana yeyote mwenye barua ya wito, hata kama mzazi wake bado si mwanachama.